Mbeya hadi Iringa kwa ndege: maswali yanayojirudia

Kutoka kiwanja cha Songwe hadi Nduli, Iringa, ni umbali gani?

Kilomita 306 hivi kwa mstari ulionyooka.

Mbona simu yangu inasema 287?

Inakupimia kutoka kiwanja cha zamani kilichomo mjini Mbeya. Safari za abiria zilihamia Songwe mwishoni mwa 2012, kilomita 22 hivi kutoka mjini kwa njia ya Tunduma, na bado watu wanatumiana namba ya kiwanja wasichoshukia.

Basi linatembea kilomita 330 hivi. Tofauti ni ndogo hivyo?

Ndiyo. Barabara inapinda kusini hadi Makambako ndipo ipande Mafinga. Ndege inakata juu ya Usangu, jirani na ardhioevu ya Ihefu. Unachookoa angani ni saa, si kilomita.

Ndege ya kilomita 600 kwa saa ingemaliza safari kwa dakika 30. Kwa nini ratiba huzidisha? (Barua za Uyole, Mafinga na Ilula nimeziunganisha.)

Hesabu hii inanichosha, maana wanaoisambaza hawajawahi kuuliza rubani hata mmoja. Ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kutembea kutoka maegeshoni hadi inaposimama kiwanja cha pili. Katikati kuna kusubiri ruhusa, kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kisha kupanda, na ndege inayopanda haina kasi ile mliyoisoma. Kushuka nako huanza kilomita 80 hivi kabla ya kiwanja. Kwa safari fupi kama hii, kupanda na kushuka vinakula karibu nusu ya njia. Ikiwa ni Caravan, ile ndogo ya injini moja, kasi yake ni kama kilomita 340 kwa saa: dakika 54 bila kuhesabu kupanda wala kushuka. Upepo wa kilomita 40 ukiipiga usoni zinakuwa 61, ukiisukuma, 48. Tena viwanja vyote viwili viko juu, mita 1,300 hadi 1,450 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi. Jua likiwa kali ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka, na pengine mizigo ipunguzwe. Hakuna anayewaibia dakika.

Wakala aliniambia "ni safari moja tu", nikajikuta Dar.

Alikuuzia kilomita 690 kwenda Dar na 390 kurudi Iringa: 1,080 badala ya 306. Wakala asiyekutajia kituo cha kuunganisha anakudanganya. Usitoe hela kabla hujaona njia nzima imeandikwa kwenye tiketi.

Ni kweli juu ya Usangu kuna mashimo ya hewa yanayovuta ndege?

Si kweli. Mchana ardhi inapata joto, hewa inapanda, ndege inatikisika. Funga mkanda.

Basi nichague ndege ya asubuhi?

Kwa utulivu, ndiyo. Lakini Songwe inajulikana kwa ukungu wa asubuhi, na rubani asipoiona njia hatui. Mwenye miadi ya hospitali au mahakama aondoke siku moja kabla. Na kutoka mjini Mbeya, hesabu malori ya Mbalizi na mteremko wa Iwambi: lori moja likikwama pale, dakika zako zote za angani zimekwisha ukiwa bado barabarani.