Somo la Ujenzi: Kuijaribu Ngazi Kabla ya Kumwaga Zege



Katika toleo hili naomba tujifunze jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni ngazi. Katika makisio ya jengo, ngazi huchukua mistari michache tu. Lakini ndiyo sehemu ya jengo ambayo kila anayekwenda juu ataikanyaga, mtoto na mzee, mzima na mgonjwa. Na ikishakuwa zege, kosa lake halirekebishwi kwa rangi.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia mradi wa jengo lenye roshani ya kwaya. Mchoro wa ngazi ulikuwa mzuri, kila kidato kikiwa na kimo cha sentimita 17. Fundi alijenga sawasawa na mchoro. Baadaye tukapata fedha za sakafu, tukaongeza lipu na vigae chini na juu, unene wa sentimita 5. Vidato tukavipaka rangi tu. Hakuna aliyekaa akahesabu kwamba kidato cha chini sasa kimebaki na sentimita 12, na cha juu kabisa kimekuwa 22. Mimi niliidhinisha malipo ya mwisho bila kuipanda ngazi ile hata mara moja. Mwezi wa pili mama mmoja wa kwaya, akishuka na vitabu mkononi, alianguka akavunjika mkono. Ilitubidi kumhudumia, kubomoa, kujenga upya, na kuwaandikia wafadhili barua ambayo sikupenda kuiandika.

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu: ngazi yoyote, hasa ile ambayo fundi hajawahi kujenga ya namna yake, lazima ijaribiwe kwa mifano kwanza. Hapa chini naeleza jinsi tunavyofanya.

1. KWA NINI MIGUU HAISAMEHE

Mtu akianza kupanda, hutazama vidato viwili au vitatu vya kwanza. Baada ya hapo mguu unakumbuka wenyewe, macho yanaangalia mbele. Kwa hiyo hatari kubwa mara nyingi si kidato kirefu, bali kidato kisicholingana na wenzake. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinaruhusu tofauti isiyozidi inchi 3/8 kati ya kidato kirefu na kifupi katika ngazi moja, yaani karibu milimita 9.5. Sisi tulikuwa na tofauti ya sentimita 10.

Ipo pia hesabu ya zamani inayosaidia sana. Katika karne ya 17 Mfaransa François Blondel alifundisha kwamba ngazi ifuate hatua ya mtu anayetembea. Ukichukua kimo cha kidato mara mbili, ukajumlisha na nafasi ya kukanyaga, jibu likaribie urefu wa hatua moja. Siku hizi mafundi wengi huchukua kati ya sentimita 60 na 65. Mfano: kimo 17, nafasi ya kukanyaga 29, 17 mara mbili ni 34, jumlisha 29, unapata 63. Ngazi hiyo itapandika vizuri.

2. MIFANO SI MCHEZO WA WATOTO

Wapo wanaodhani kutengeneza mfano wa boksi ni kupoteza muda. Tuangalie waliotutangulia.

Huko Florence, Italia, ipo maktaba iitwayo Laurenziana, kazi ya Michelangelo. Mwaka 1534 aliondoka mjini humo kabla ngazi ya ukumbi wa kuingilia haijajengwa. Ngazi aliyoiwaza ilikuwa ya aina mpya: mikondo mitatu inayopanda pamoja, vidato vya katikati vikiwa vimepinda. Miaka mingi ikapita. Mwanzoni mwa mwaka 1559, akiwa Roma na umri wa zaidi ya miaka 80, alitengeneza mfano mdogo wa udongo, akauweka ndani ya kiboksi na kumpelekea mjenzi Bartolomeo Ammannati aliyekuwa Florence. Mwenyewe alipendelea ijengwe kwa mbao, lakini ilijengwa kwa jiwe. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1571, na ngazi ile ipo hadi leo. Angalieni: mtu aliyekuwa mbali na eneo la ujenzi alieleweka kwa kitu cha kushikika.

Mfano wa pili ni wa Antoni Gaudí wa Barcelona, Hispania. Alipokuwa akibuni kanisa la Colònia Güell, alining'iniza nyuzi kutoka juu na kuzitundikia vifuko vyenye vipande vidogo vya risasi, katika kipimo cha 1 kwa 10. Uzito ulizivuta nyuzi zikajipanga zenyewe. Akazipiga picha, kisha akaigeuza picha juu chini, na hapo akaona umbo la matao yanayoweza kubeba mzigo. Kwa kanisa la Sagrada Família alitumia mifano ya plasta. Alifariki mwaka 1926, na mwaka 1936, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mifano hiyo ilivunjwavunjwa. Waliomrithi waliokota vipande na kuviunganisha. Kuanzia mwaka 1979 mbunifu Mark Burry alishiriki kutafuta hesabu zilizojificha ndani ya maumbo yale, na baadaye kompyuta zikaingizwa kazini. Lakini plasta haikuachwa. Kompyuta ilitoa vipimo, na mfano wa kushikika uliendelea kuwaonyesha wajenzi umbo lenyewe.

3. TULIVYOFANYA KATIKA MRADI ULIOFUATA

Usharika mmoja uliomba ngazi ya kwenda roshani ya kwaya. Sakafu ya roshani ilikuwa sentimita 306 juu ya sakafu ya chini. Hiyo ni vidato 18 vya sentimita 17. Ngazi iliyonyooka ina nafasi za kukanyaga 17, kwa kuwa ya mwisho ni sakafu yenyewe ya juu. Kwa sentimita 29 kila moja, urefu wake ni mita 4.93. Kona tuliyokuwa nayo ilikuwa na mita 3.6 kwa 2.6 tu.

Mtu mmoja alishauri tupunguze vidato viwe 14. Hesabu ikakataa: kimo kingekuwa karibu sentimita 22, na hata kwa nafasi ya kukanyaga ya 27 jumla ni karibu 71. Hiyo ni ngazi ya kupandia darini. Kamati ikapenda ngazi ya nusu duara, kitu ambacho fundi wetu hakuwahi kujenga. Sikuwakatalia. Nilisema tuijaribu.

Hatua ya kwanza: mfano wa boksi. Tulitumia maboksi, kisu, rula na gundi, kipimo 1 kwa 10. Sentimita 17 ikawa 1.7, na jengo la mita tatu likakaa juu ya meza. Gharama yake haikufikia bei ya mfuko mmoja wa saruji. Tuliuzungusha kwa wanakamati mmoja mmoja. Upande wa nje nafasi ya kukanyaga ilikuwa sentimita 31, lakini upande wa ndani ilikuwa 11, ambayo kwenye mfano ni upana wa kidole. Mzee mmoja wa usharika aliweka kidole chake pale akauliza, "Mwanangu, na mguu wangu utakaa wapi?" Mchoro tulikuwa tumeutazama wiki tatu, na swali hilo halikuwa limeulizwa na yeyote.

Hatua ya pili: mfano wa kompyuta. Kijana mmoja wa usharika aliyesomea ufundi alichora ngazi ile kwa programu ya SketchUp, ambayo ina toleo la bure la kutumia kwa intaneti. Akaweka ndani ya mchoro ukuta, boriti na sakafu zote mbili. Kompyuta ikatuonyesha tusichokiona kwenye boksi, kwa sababu boksi halikuwa na boriti. Chini ya boriti ya roshani kulikuwa na sentimita 270. Mtu akifika kidato cha sita amekwisha kupanda 102, hivyo juu ya kidato hicho zinabaki 168. Wanakwaya wengi wa sauti ya nne wangegonga vichwa.

Tukaiacha nusu duara. Tukachora mikondo miwili inayokwenda sambamba, vidato tisa kila mmoja, na sakafu ya kupumzikia katikati. Kila mkondo una nafasi nane za sentimita 29, yaani 232. Ukiongeza sakafu ya kupumzikia ya 110 unapata mita 3.42. Ilitosha, na juu ya kila kidato kichwa kilikuwa na zaidi ya mita 2.

Safari hii pia tuliingiza unene wa lipu na vigae mapema: sentimita 4 kwenye sakafu zote mbili, na 2 juu ya kila kidato. Kompyuta ikatupa vimo vya zege: kidato cha kwanza 19, vya katikati 17, cha mwisho 15. Ukikijumlisha cha kwanza na 16 vya katikati na cha mwisho unapata 306 ile ile. Fundi alishangaa kuambiwa ajenge vidato visivyolingana. Lakini baada ya vigae, vyote vilikuwa 17.

Hatua ya tatu: mfano wa kimo halisi. Tulipanga matofali na mbao za zamani uwanjani, vidato vinne tu, pamoja na mti wa kushikia. Tukawaita bibi wa miaka zaidi ya sabini, mtoto wa shule ya Jumapili, mwanakwaya aliyevaa joho, na vijana wawili waliobeba benchi. Tukawaomba wapande na hasa washuke. Bibi alituonyesha kwamba anaposhuka hushika kwa mkono wa kulia, na mti wetu ulikuwa kushoto. Tukaamua kuweka vya kushikia pande zote mbili. Uamuzi huo haukutoka kwenye boksi wala kwenye kompyuta.

4. KILA MFANO NA KAZI YAKE

Boksi huwapa sauti wasiosoma michoro. Kompyuta huhesabu bila kuchoka na huonyesha vitu vinavyogongana. Matofali ya uwanjani humpa mguu nafasi ya kusema. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na vyote vitatu havichukui nafasi ya mhandisi. Nondo, unene wa zege na msingi ni kazi yake, na mfano wa boksi hauwezi kumwambia yeyote kama ngazi itabeba watu thelathini.

Kwa ninyi wafadhili, naomba mkiona katika bajeti mstari usemao "mifano na majaribio", msiukate kwanza. Mimi nilikwisha kulipa gharama ya kutokuwa nao, na mama yule wa kwaya alilipa zaidi yangu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Pimeni kwa futi kamba kila kidato cha ngazi mliyo nayo. Kipi kirefu kuliko vyote, na kipi kifupi? Tofauti ni kiasi gani?

2. Jumlisheni kimo mara mbili na nafasi ya kukanyaga. Je, mnapata kati ya 60 na 65?

3. Katika jengo mnalopanga sasa, vigae vitawekwa lini, na nani amehesabu unene wake?

4. Nani katika usharika wenu hupata shida zaidi kupanda na kushuka, na je, aliwahi kuulizwa?

Usharika utakaopima ngazi yake na kukuta kasoro, tuandikieni ofisi ya miradi kabla ya kuvunja chochote. Tutakuja, na safari hii nitaipanda ngazi mwenyewe.