Cheni ya Boda Pwani: Kitambaa Kwanza, Mafuta Baadaye

Kutoka Likoni mpaka Lungalunga kuna lami, lakini kazi ya boda haiishii kwenye lami. Abiria anashuka matatu pale Ukunda na anataka kufikishwa mpaka mlangoni, na mlango wenyewe uko ndani mchangani. Ndiyo maana cheni zetu huku kusini zinakufa mapema. Na ukiwa unapandisha kutoka Kombani kwenda Kwale na mama mja mzito nyuma, cheni ikikatika hapo, hasara si ya pesa peke yake.

1. Panguza ndipo upake
Hapa ndipo cheni nyingi huuawa. Wengi wetu kila asubuhi tunamwagia cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ikawa inachuruzika, tukaondoka. Oili hiyo imeshabeba vumbi la chuma, na ukiingia njia za Diani inazoa mchanga pia. Mchanganyiko huo ni msasa kamili, unasaga kila gurudumu linapozunguka.

Fanya hivi: jioni, pikipiki ikishapoa, sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa. Petroli iache, inashika moto upesi. Panguza mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha tia oili ya gia namba 90, matone tu, kwa upande wa ndani wa cheni, huku unazungusha gurudumu kwa mkono. Ilaze hivyo usiku kucha ipenye, na asubuhi upanguze yote iliyobaki juu. Kazi ya oili iko ndani ya pingili. Ile inayong'aa nje ni ya kukamatia mchanga.

Kilomita 500 ndicho kipimo cha kawaida. Anayepiga kilomita 100 kwa siku, hiyo ni kila siku ya tano. Mvua za Mei zikianza, usingoje siku ya tano.

2. Angalia maji unayooshea
Ukipita ufukweni, suuza cheni siku hiyo hiyo. Lakini visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kuikaribisha kutu. Tumia maji ya mvua au ya bomba, kausha, halafu rudi namba 1.

3. Azima rula ya mtoto
Cheni hairefuki kwa sababu chuma kimevutika. Ndani ya kila pingili mna pini inayozunguka kwenye bushi, na hizo ndizo zinazolika. Zikilika milimita 0.1 kwa kila pingili, cheni ya pingili mia imeshaongezeka sentimita nzima.

Cheni nyingi za boda ni namba 428, na toka pini hadi pini ni milimita 12.7. Ikaze cheni kwa mkono, hesabu pingili 20, yaani toka pini ya kwanza hadi ya 21. Ikiwa mpya utapata sentimita 25.4. Ikifika 25.9, ibadilishe. Rula ya shule ya sentimita 30 inatosha kabisa.

4. Badilisha seti nzima
Tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamepinda upande mmoja kama pezi la papa, yamekwisha. Ukifunga cheni mpya juu ya meno hayo, yataila upesi mno. Cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma vinunuliwe pamoja. Najua pesa zinauma, lakini kununua cheni mara mbili kunauma zaidi.

5. Usikaze ukiwa peke yako ukasahau mzigo
Abiria wawili wakikaa, au magunia ya nazi, mkono wa gurudumu la nyuma unapanda na cheni inazidi kukaza. Iliyokazwa kama uzi wa gitaa inaua beringi. Acha ulegevu kama milimita 20 hadi 30 katikati, kulingana na kitabu cha pikipiki yako, na upimie pale cheni ilipokaza zaidi. Marekebisho ya kushoto na kulia yawe kwenye alama moja, la sivyo gurudumu linakaa upande. Ukimaliza, jaribu breki ya nyuma kabla hujaondoka, maana gurudumu likisogea breki nayo inabadilika.

6. Klipu
Klipu inayofunga kiungo cha cheni, upande wake uliofungwa utangulie kule cheni inakoelekea. Ikiwekwa kinyume, kijiti kimoja tu kinaweza kuichomoa.

7. Waliofunga injini kwenye baiskeli
Kwenye vifaa vingi vya kujifungia, sproketi ya nyuma hubanwa kwenye spoki kwa mipira na bolti tisa. Ikikaa kombo kidogo tu, cheni inalika ubavuni, na ikiruka inaweza kujikunja ndani ya spoki na gurudumu likasimama ghafla. Simama nyuma ya baiskeli uinamishe jicho: sproketi mbili zikae kwenye mstari mmoja. Kaza bolti zote kwa zamu, na baada ya safari ya kwanza uzirudie.

8. Zima injini
Nimeona vijana wakipaka oili huku gurudumu linazungushwa na injini, kitambaa mkononi. Kitambaa kikivutwa, vidole hufuata, na kati ya cheni na sproketi havitoki vizima. Zima, toa ufunguo utie mfukoni, simamisha kwa stendi ya kati, zungusha kwa mkono.