SOMO LA AFYA: MAJERAHA YA UTI WA MGONGO NA MISHIPA YA FAHAMU



Somo letu la leo linahusu ajali inayoweza kumpata mpakiaji wa magunia sokoni Konyo Konyo, fundi aliye juu ya jukwaa la ujenzi, dereva wa lori katika barabara ya Nimule na mwendeshaji wa bodaboda mjini Juba. Wengi wetu tukisikia kwamba mwenzetu amevunjika mgongo, husema kazi yake imekwisha na maisha yake pia. Sivyo. Mara nyingi anayekufa baadaye hauawi na mfupa uliovunjika. Huuawa na vidonda na maradhi ya mkojo, na hayo yanaweza kuzuiwa na watu wa kawaida kama sisi.

1. Mwili ulivyo

Uti wa mgongo ni pingili za mfupa, na ndani yake umepita ugwe laini wa fahamu utokao kwenye ubongo. Katika ugwe huo huchipuka mishipa ya fahamu iendayo mikononi, miguuni, kwenye kibofu na matumbo. Mafundi umeme wataelewa upesi: kuna waya mkuu, na kuna nyaya za kila nyumba. Ugwe ukikatika kabisa, hakuna dawa iliyopatikana hadi leo ya kuuunga. Lakini mshipa wa mkono au mguu waweza kuota tena, kwa mwendo wa kadiri ya milimita 1 kwa siku.

2. Mara baada ya ajali

Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa, akilalamika shingo au mgongo, au akishindwa kuhisi miguu, asiinuliwe kwa kushikwa makwapani. Wala asikalishwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Mmoja ashike kichwa kisigeuke, watatu washike mwili, wamgeuze wote kwa pamoja kama gogo moja na kumweka juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Ugwe uliochubuka tu unaweza kupona. Ukikunjwa kwa kubebwa vibaya, waweza kuharibika kabisa.

3. Matibabu ya uti wa mgongo

Hospitalini daktari hupima nguvu na hisia za viungo, hupiga picha ya eksirei, na hutuliza mfupa kwa kumlaza mgonjwa au kwa upasuaji. Lakini kazi kubwa huanza baada ya hapo.

Mwezi Februari 1944 Dakta Ludwig Guttmann alifungua wodi ya majeruhi wa namna hii huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wengi wao walikufa katika muda mfupi. Guttmann hakuwa na dawa ya kuunga ugwe. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, kibofu kitunzwe, na kila mtu apewe kazi na michezo. Watu wakaishi.

Hata Juba kanuni ni ile ile. Mgonjwa ageuzwe kila saa 2. Ngozi ikaguliwe kila siku kwenye matako, nyonga na visigino. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tupapase: penye joto, ugumu au weusi uliozidi, pasilaliwe tena mpaka papoe. Kibofu kimwagwe kwa mpira wa mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa mikono iliyonawiwa, kwa sababu mkojo ukijaa huharibu figo. Aliyeumia shingoni au juu ya kifua, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho, akalishwe wima, kibofu kimwagwe upesi, na daktari aitwe.

4. Mishipa ya mikono na miguu

Mishipa hii hukatwa na risasi, panga, kioo, au mfupa wa mkono uliovunjika. Dalili ni kiganja kinachoning'inia, mguu unaoburura vidole, au mahali pasipohisi.

Jeraha safi la kisu hushonwa mapema. Jeraha la risasi ni jambo jingine: mpasuaji huondoa nyama iliyokufa, huliacha wazi siku kadhaa, ndipo hulifunga, mshipa hutengenezwa baadaye. Basi tusimlaumu daktari kwamba amemwacha ndugu yetu na kidonda wazi.

Tufanye hesabu. Kama mshipa una sentimita 30 za kuota, zinahitajika siku 300 hivi. Msuli usiopata fahamu kwa mwaka mmoja na nusu huweza kufa, kwa hiyo kuchelewa hospitalini ni kupoteza mkono. Katika kungoja, kiganja kifungwe gango, viungo vinyooshwe kila siku, na mkono usiohisi ulindwe na moto na sufuria.

5. Wajibu wa chama

Juba kipo kituo cha urekebishaji wa viungo ambacho kwa miaka mingi kimesaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hutengeneza viungo vya bandia na magango, na hutoa viti vya magurudumu. Lakini kiti hakitoshi ikiwa mlango wa karakana una ngazi tatu. Aliyepooza miguu anaweza kushona kwa cherehani ya mkono, kutengeneza redio na kutunza hesabu.

Kwa hiyo kila tawi lipange zamu ya wenzake kusaidia jamaa kumgeuza mgonjwa, maana mke peke yake hawezi kukesha miezi mitatu. Tudai machela na kamba za usalama kila mahali pa ujenzi. Tusome Sheria ya Kazi ya 2017, hasa kuhusu usalama na afya kazini. Na tudai majeruhi atafutiwe kazi anayoiweza kabla hajafutwa.

Maswali ya kujadili tawini

1. Mahali petu pa kazi, ubao wa kubebea majeruhi uko wapi?
2. Nani wanne watakaombeba, na wamejifunza lini?
3. Ni kazi gani hapa petu inaweza kufanywa na mtu aliyeketi?