Mtoto mchanga anapokesha usiku

Mtoto wako ana majuma mawili, na kila ifikapo saa nane usiku anaamka kulia. Majirani wanakwambia hashibi, umpe uji mwepesi. Usimpe. Mtoto mchanga hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, lakini kwa vipande, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama huyeyuka upesi. Kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku, ni kawaida. Kabla ya miezi sita hahitaji uji wala maji.

Isitoshe, bado hajui kutofautisha usiku na mchana. Mchana fungua pazia, zungumza naye, wala usinyamazishe nyumba nzima eti amelala. Usiku punguza mwangaza, mnyonyeshe, mbebe begani acheue, kisha mrudishe kitandani bila mazungumzo. Usitarajie miujiza, wengi huanza kutulia wakikaribia miezi mitatu.

Mlaze chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto wala mablanketi mazito. Na hapa wazazi wa chumba kimoja wasikie: baridi ya Julai isikufanye uingize jiko la makaa ndani. Gesi yake haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini. Afadhali umvishe nguo moja zaidi.

Akiwa na joto jingi mwilini, akikataa kunyonya au akilegea, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitalini.