Kijana anayesoma kwa shida na mitihani isiyokwisha: maswali ya wazazi wa Kabanga

Hapa Kabanga, Kasulu, habari za watoto wenye mahitaji maalumu si ngeni. Shule yetu ya msingi imepokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino kwa miaka mingi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi kuanzia 2008, watoto waliletwa hapa wahifadhiwe. Kwa hiyo mtu wa Kabanga akimwona mtoto kainamia daftari hadi pua inagusa karatasi, anaelewa. Tusiyemwelewa ni kijana mwenye macho mazima na masikio mazima, anayempigia mama yake hesabu ya chenji sokoni bila kukosea, lakini shuleni ukurasa mmoja unamchukua kipindi kizima. Huyo tunamwita mvivu. Wenzake wanamwita kilaza. Maswali yafuatayo ni ya wazazi wake, nami ninayajibu kama mwalimu wa elimu maalumu.

Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha pili. Kuna majaribio ya wiki, mtihani wa mwezi, nusu muhula, muhula, na mwisho wa mwaka upimaji wa Taifa. Analeta 12, 19, 8. Si afadhali wangempima mara moja wakamaliza?

Pole, mama. Lakini hapo sikubaliani nawe. Kupimwa mara moja ndiko kungemmaliza mtoto wa namna hii. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikataa hatima ya mwanafunzi iamuliwe na mtihani wa saa chache, na kuanzia 1976 alama za maendeleo zikaanza kuingizwa katika matokeo. Kijana anayesoma polepole anahitaji nafasi nyingi za kuonyesha anachokijua. Tatizo ni kwamba alama hizo tunazisoma kama hukumu, tunagomba, kisha karatasi inaishia jikoni kuwashia moto.

Usiichome. Mwombe akupe karatasi zenyewe, siyo ripoti peke yake, kwa sababu ripoti inakupa namba tu, na namba haisemi alikwama wapi. Chukua hiyo 8. Inawezekana alijibu maswali matatu ya mwanzo, yote akapata, kisha muda ukaisha. Inawezekana pia aligusa maswali yote na kukosa karibu yote. Hao ni watoto wawili tofauti kabisa, na msaada wao haufanani. Wa kwanza anahitaji muda. Wa pili anahitaji kufundishwa upya. Yuko na wa tatu: aliyeandika jibu sahihi kwa tahajia iliyovurugika, mwalimu akapita na kalamu nyekundu. Wa nne alijibu vizuri swali ambalo hakuulizwa, kwa sababu hakulielewa lilivyoandikwa.

Panga karatasi hizo kwa miezi, katika mfuko mmoja. Baada ya muhula mmoja utaona jambo ambalo hata mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani hajapata nafasi ya kuliona. Mfuko huo huo utakufaa baadaye utakapokwenda kuomba msaada, maana utakuwa na ushahidi mkononi.

Mbona shule ya msingi alikuwa anajikongoja vizuri tu? Si Kiingereza hicho kinachomshinda?

Huenda ni kweli, baba. Watoto wetu wanakua na Kiha nyumbani, wanajifunza kusoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wanakuta Bailojia na Jiografia kwa Kiingereza. Hata mwenye akili kali huyumba hapo.

Kuna njia ya kupambanua. Mpe habari ya Kiswahili asiyoijua, nusu ukurasa, akusomee kwa sauti. Kisha mwambie akusimulie alichosoma, kwa Kiha akitaka. Akisoma kwa mtiririko na kusimulia vizuri, tatizo kubwa ni lugha, na dawa yake ni mazoezi ya Kiingereza. Akisoma Kiswahili chenyewe kwa kuvuta silabi moja moja, akapoteza mstari, akachoka kabla ya kufika katikati, hapo kuna jambo jingine. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye ugumu wa kusoma hujificha ndani yake kwa miaka. Anapatia maneno, ila polepole mno. Katika shule ya msingi kasi hiyo ndogo ilivumilika. Kiingereza, ambacho maandishi na matamshi yake hayapatani, kinamfichua.

Kabla hujahitimisha lolote, mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Watoto wengi walioitwa wazito walikuwa hawaoni ubao, au walikuwa na masikio yaliyotoa usaha tangu utotoni. Mweleze daktari pia kama aliwahi kuugua malaria kali ya kupoteza fahamu, au kama ana kifafa. Malaria iliyopanda kichwani huweza kumwachia mtoto udhaifu wa kumbukumbu na umakini, na mkoa wetu wa Kigoma malaria tunaijua.

Nikienda shuleni nitaonekana najitetea. Niseme nini?

Usiende siku ya matokeo, wakati kila mtu ana joto. Nenda katikati ya muhula, na mfuko wako wa karatasi. Anza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa taaluma. Sema maneno machache: "Mwalimu, nimeona anamaliza nusu tu ya maswali, lakini aliyoyafikia anapata. Tunaweza kufanya nini?" Mwalimu akiulizwa hivyo hana haja ya kujitetea.

Yapo mambo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya kesho asubuhi bila kibali cha mtu. Amkalishe mbele. Amsomee swali kwa sauti. Katika jaribio la wiki ampe maswali matano badala ya kumi, yanayopima jambo lile lile. Amruhusu ajibu kwa mdomo anaposahihisha daftari. Katika Historia au Bailojia asimkate alama kwa tahajia kama maana imefika. Hayo si upendeleo, kwa sababu mada anayopimwa ni ile ile ya wenzake.

Mitihani ya Taifa ina utaratibu wake. Kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, Baraza la Mitihani limekuwa likielekeza waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa Hisabati wa saa tatu unakuwa wa saa nne. Kwa kijana anayejua lakini hafiki mwisho, saa hiyo ni kubwa. Wenye uoni hafifu, kama vijana wetu wengi wenye ualbino, huletewa karatasi za maandishi yaliyokuzwa.

Nafuu hizo hazimfuati mtoto zenyewe. Lazima awe ametambuliwa na kusajiliwa kuwa ana mahitaji maalumu, na usajili wa kidato cha nne hufanyika mwanzoni mwa mwaka, miezi mingi kabla ya mtihani. Asiyeonekana kwa macho ndiye anayesahaulika zaidi kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mwombe mkuu wa shule akuunganishe mapema na ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, akueleze mtoto atapimwa wapi na taarifa yake itafikaje shuleni. Omba nakala, uitunze. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya elimu jumuishi. Huendi kuomba hisani.

Anachapwa kila akipata chini ya wastani.

Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kusoma polepole si utovu wa nidhamu. Mwone mkuu wa shule, kwa heshima, usisubiri muhula uishe. Na wewe nyumbani usimwongezee.

Sisi tunatoka shambani jioni, na Kiingereza sikijui. Nitamsaidiaje?

Kiingereza chako hakihitajiki, mama. Mwambie akufundishe wewe. Unapochambua maharage, akueleze kwa Kiha jinsi damu inavyozunguka mwilini. Akikwama, mahali hapo ndipo arudie kusoma. Kijana asiyeweza kuandika ukurasa anaweza kuwa na ukurasa huo wote kichwani, na akiusema kwanza, kuuandika kunakuwa rahisi.

Mengine ni ya ratiba. Bandika karatasi ukutani, andika tarehe za mitihani ya muhula mzima, ili wiki ya nusu muhula isiangukie siku uliyopanga apalilie kutwa. Asome dakika ishirini, apumzike, arudi tena. Saa tatu mfululizo zinampotezea jioni. Kila mwezi achague masomo mawili ya kuyainua, siyo yote. Akitoka 12 hadi 21, hesabu hizo tisa kuwa ushindi na umwambie. Usiku wa kuamkia mtihani alale. Dada au kaka anayesoma vizuri amsomee maswali ya mitihani iliyopita, yeye ajibu kwa mdomo.

Akifeli kidato cha pili, nimtoe akajifunze ufundi?

Ufundi ni njia nzuri. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Kasulu na Kibondo viko mkoani kwetu, na wapo vijana ambao mikono yao inajua zaidi ya kalamu. Lakini usimtoe Januari kwa hasira ya matokeo. Kwanza jiulize: amewahi kupimwa macho? Amewahi kusomewa swali hata mara moja? Kama bado, basi hatujajua anaweza nini, na kukariri darasa kwa ufundishaji ule ule kutaleta alama zile zile. Arudie mwaka akiwa ametambuliwa, ameandikishwa, na walimu wake wana taarifa. Mfikapo nusu muhula, kaeni naye na karatasi zake mezani, na umwulize yeye mwenyewe anataka nini. Akisema useremala, mpeleke chuoni akaone karakana kabla hamjaamua.