Marafiki wamenilipia safari ya mtoni, nami maji yalimchukua mama yangu mdogo

*Mimi ni mzaliwa wa Masisi, ninasoma Kampala. Marafiki zangu wanne wamepanga twende Jinja kushuka maporomoko ya Nile kwa boti ya mpira, kusherehekea mwisho wa mitihani. Wamekwisha kunilipia. Hawajui kwamba mama yangu mdogo alikuwa kwenye ile boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, Oktoba 2024, akitokea Minova. Siku ile nilikuwa pale ukingoni miili ikitolewa. Sijui kuogelea. Waliponialika mara ya kwanza nilisema nina malaria. Safari hii sina uongo mwingine. Mama yangu alikimbilia Walikale na simu yake inapatikana kwa shida. Najiuliza ni mtoto wa aina gani anayecheza na maji wakati kwao watu wanakimbia. Nikikataa nitaonekana mwoga. Nikikubali naogopa nitakufa, au nitapiga mayowe mbele za watu. Nifanye nini?*

*Binti wa Masisi, Kampala*

Binti yangu, pole sana. Acha nianze na mama yako mdogo, maana barua yako yote inamzunguka yeye, hata pale unapoandika habari za marafiki na mitihani.

Tarehe 3 Oktoba 2024 barabara ya Goma kwenda Minova kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita tangu mapema mwaka ule. Wachuuzi, wanafunzi, akina mama wenye mizigo ya sokoni, wote walibakiwa na Ziwa Kivu tu. Boti ikajazwa kupita uwezo wake, ikapinduka watu wa nchi kavu wakiitazama. Mama yako mdogo hakufa kwa uzembe wake. Vita vilimnyima barabara, na waliopakia boti ile hawakujali uhai wake. Nalisema hili wazi kwa sababu waliofiwa majini mara nyingi hujikuta wakimlaumu marehemu: kwa nini alipanda, kwa nini hakusubiri kesho. Hakuwa na kesho nyingine ya kusafiri nayo.

Sasa Jinja. Tangu 1996 watu wamekuwa wakilipa kushuka mto pale. Mto wenyewe umebadilika: maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa la umeme lililozinduliwa 2012, kisha bwawa la Isimba, 2019, likameza kipande kingine cha chini. Maporomoko ya Itanda na Kalagala bado yananguruma. Maji hupimwa kwa daraja, kuanzia 1, ambapo mto unatiririka tu, hadi 6, ambayo watalii hawapelekwi. Sehemu kali kabisa ya Itanda watu huipita kwa miguu, boti ikibebwa ukingoni. Kila abiria huvaa helmeti na jaketi la kuokolea lililokazwa mikanda mpaka likabane. Nahodha hukaa nyuma na kutoa amri: pigeni makafi mbele, rudisheni nyuma, inameni ndani. Mbele na kando husindikiza waokoaji kwenye kayaki. Asiyejua kuogelea hupokelewa, ila lazima aseme mapema.

Kuna jambo ambalo huenda marafiki zako hawakukueleza, labda kwa sababu kwao ndilo tamu kuliko yote. Katika mikondo mikubwa, boti kupinduka si ajali. Ni sehemu ya siku. Unatupwa, unazama kidogo, jaketi linakuinua, pengine unaibukia chini ya boti palipo na giza na hewa kidogo, mpaka mtu akuvute. Mafunzo ya asubuhi yanahusu hilo: lala chali, miguu itangulie unakoelekea mto, shika kamba inayozunguka boti, wala usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia, kwa kuwa mguu ukinaswa kati ya mawe, nguvu ya maji itakulaza kifudifudi na kukushikilia hapo.

Kwa mwenzako, sekunde kumi chini ya boti zitakuwa hadithi ya kuwasimulia watu. Kwako wewe zitakuwa Kituku. Kwa hiyo nakushauri bila kuzunguka: usishuke mikondo mikubwa safari hii. Sikushauri hivyo kwa kuwa watu wa Jinja hawajui kazi yao. Tatizo ni kwamba maelekezo yale yanahitaji akili inayoweza kusikia amri katikati ya kelele, na akili yako itakuwa imerudi ukingoni mwa Kivu. Akisema mtu hakuna hatari yoyote, asikudanganye. Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyeongoza msafara wa kushuka Nile mpaka baharini mwaka 2004, aliuawa na mamba kwenye mto Lukuga, hapa kwetu Kongo, Desemba 2010. Safari ya Lukuga na siku moja Jinja ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini waliobobea ndio wa kwanza kuuheshimu mto. Wewe umewaona vijana wa Masisi wakiteremsha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, yenye magunia ya viazi: kabla ya mteremko, kila mmoja anakagua kile kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Hakuna anayemwita mwoga kwa hilo.

Lakini Jinja nenda. Kampuni za pale zina safari ya nusu siku kwenye maji tulivu, wanakopelekwa hata watoto. Omba uhamishiwe huko, na umwambie nahodha mambo mawili kabla hujavaa jaketi: sijui kuogelea, na nimefiwa na ndugu majini. Wenzako wakishuka kule kukali, utakutana nao jioni. Na ukifika, ukauona mto, moyo ukakataa hata maji tulivu, kaa ukingoni. Aliyekulipia hajanunua mwili wako.

Hili halitawezekana bila kuwaambia ukweli, na hapo ndipo nakuhimiza kwa nguvu zote. Waambie kabla ya kuondoka Kampala, mkiwa mmekaa mnakula, si kwenye gari mkikaribia mto. Maneno machache yanatosha: ile malaria haikuwa malaria, nilimpoteza mama yangu mdogo ziwani. Umeubeba msiba huu peke yako katikati ya watu wanne wanaokupenda kiasi cha kukulipia safari. Huenda mmoja atasema jambo la kijinga kwa mshtuko. Msamehe. Sidhani kama yupo atakayekuita mwoga.

Umeuliza kuhusu kucheza wakati kwenu watu wanakimbia. Ingekuwa pesa ni yako ningejibu vingine, maana ada ya siku nzima inapita dola 100, na najua pesa hiyo ni kitu gani kwa familia iliyohama. Hii ni zawadi. Huko huko Masisi, katika miaka yote hii ya kuhama na kurudi, watu wameoana, wamebatiza watoto, vijana wamecheza mpira kando ya kambi, wala hawakuwa wamewasahau wafu wao. Ukijinyima siku moja ya kucheka, mama yako hapunguziwi hata hatua moja ya njia aliyotembea mpaka Walikale.

Ila yeye amepoteza mdogo wake. Mtafute kabla ya safari. Mtandao ukigoma, mwachie ujumbe wa sauti. Mwambie unakwenda wapi, na kwamba ni maji tulivu. Usiweke picha yoyote ya mto kwenye WhatsApp kabla hajakujibu. Akikukataza, mweleze ulichochagua na kwa nini. Na asipotulia hata baada ya hapo, mimi ningemsikiliza safari hii na kubaki ukingoni na kamera ya wenzangu.

Mwisho, maji ya eneo lile yana kichocho, hata yale tulivu. Mkirudi, hesabuni wiki sita hadi nane, kisha wote watano mkapimwe kwenye kituo cha afya. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kuimeza jioni ileile ya safari hakusaidii.