SOMO LA BUSTANI: MJUE MDUDU WA KUNDE KABLA YA KUSHIKA DAWA

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali wenye bustani majumbani, wanakumbushwa kwamba mkunde ni mmea unaoliwa mara mbili. Majani yake machanga huanza kuchumwa kwa mboga wiki ya tatu au ya nne baada ya kupandwa, na punje huvunwa baadaye. Kwa hiyo sumu inayopulizwa leo juu ya jani yaweza kuwa chunguni kesho. Haifai kukimbilia bomba la dawa kabla ya kumtambua adui.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kiulacho mkunde nacho aghalabu ki chini ya jani lake. Mwenye bustani apite kila asubuhi, apindue majani na kutazama vichomozi, maua na maganda. Wadudu wa kuangaliwa zaidi ni hawa:

1. Vidukari. Ni wadudu wadogo weusi wanaokusanyika kwenye vichomozi na vikonyo vya maganda. Hufyonza utomvu, majani yakajikunja, na hueneza ugonjwa wa virusi wa batobato. Majike huzaa bila ya kupandwa, hivyo huongezeka upesi mno. Msururu wa sisimizi juu ya shina ni dalili yao, kwani sisimizi hufuata utamu wanaoutoa. Wakiwa wachache wapanguswe kwa vidole. Wakizidi wapuliziwe maji yenye sabuni kidogo.

2. Inzi wa maharage. Hutaga mayai kwenye majani ya miche michanga, na funza wake hushuka ndani ya shina. Mche hugeuka manjano, na shina huvimba na kupasuka karibu na ardhi. Miche iliyokufa ing'olewe na kuchomwa moto. Iliyobaki ipandishiwe udongo shinani ili itoe mizizi mipya.

3. Kiwavi wa maganda. Ana madoa meusi mwilini. Hufunga maua kwa nyuzi, kisha hutoboa maganda na kula punje. Maua na maganda yaliyoshambuliwa yachumwe na kuharibiwa.

4. Kunguni wa maganda. Hufyonza punje zikanywea. Waokotwe alfajiri wakiwa bado wazito, watiwe katika ndoo ya maji ya sabuni.

Dhidi ya viwavi, miti ya mwarobaini iliyopo vijijini na mijini inatosha kuwa duka la dawa. Twanga gramu 50 za kokwa zake kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa na ongeza sabuni kidogo. Anza kupuliza vitumba vya maua vinapotokeza. Pulizia jioni, kwa kuwa jua kali huvunja nguvu ya dawa hiyo, na viwavi hutembea usiku.

Inapasa kufahamu kwamba sumu kali haichagui. Humuua pia yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye hula makumi ya vidukari kwa siku. Akifa huyo, vidukari hurudi bila ya mlinzi. Aidha, endosalfani, iliyowahi kupulizwa kwenye kunde katika nchi kadhaa za Afrika, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya kemikali za kukomeshwa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Dawa iliyosifiwa jana yaweza kupigwa marufuku kesho.

Atakayelazimika kutumia dawa ya dukani ahakikishe kwamba imeruhusiwa kwa kunde, asome kibandiko chake, na azihesabu siku zilizoagizwa kabla ya kuchuma hata jani moja. Dawa isiyo na kibandiko isinunuliwe. Mwenye shaka achukue tawi lililoathirika ampelekee bwana shamba au bibi shamba wa eneo lake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika chache za kupindua majani kila asubuhi ni nafuu kuliko gharama ya sumu, na ni salama zaidi kwa watoto watakaoila mboga hiyo.